Kidevu kitakaa wapi?

Mtoto mchanga shingo yake haijakaza, na njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Kidevu kikikandamizwa kifuani, pumzi hubanwa, naye hana nguvu ya kuinua kichwa ajiokoe. Halii wala hafurukuti, na mama aliyembeba aweza asijue kitu. Kwa hiyo anayechagua mbeleko, iwe kanga ya nyumbani au kibebeo cha dukani chenye mikanda, ajiulize kwanza kidevu kitakaa wapi humo ndani.

Vinavyonitia hofu ni vibebeo vya kuning'inia begani, ambamo mtoto hulala amejikunja. Mwaka 2010 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa tahadhari juu yake baada ya kuorodhesha vifo 14 katika miaka 20. Watoto 12 kati ya hao hawakuwa wamefikisha miezi minne.

Mtoto wa umri huo akae kifuani, wima, uso ukionekana, juu kiasi cha kumbusu utosini bila kuinama. Pitisha vidole viwili chini ya kidevu. Visipopita, fungua ufunge upya.

Kwa watoto njiti kifua ni tiba hasa. Dkt. Edgar Rey alianzisha huduma ya kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mashine za kuwatia joto zilipokuwa hazitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambao Tanzania ilishiriki, uliwahusu watoto wenye kilo 1 hadi chini ya 1.8. Kuwaweka kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, ngozi kwa ngozi, kulipunguza vifo vya siku 28 za mwanzo kwa asilimia 25. Kinachohitajika ni kitambaa na mtu wa kumbeba, baba akiwamo.

Mgongoni angoje shingo ikaze. Wengi huwa tayari kati ya miezi minne na sita. Inama, mlaze mgongoni, miguu yake ikukumbatie ubavuni. Tandaza kanga kutoka makwapani mwake hadi nyuma ya magoti, vuta pindo la juu na la chini kwa pamoja, ukaze juu ya matiti kabla hujasimama. Magoti yawe juu kuliko makalio, kwani hapo mfupa wa paja hutulia vizuri kwenye nyonga. Kumfunga miguu imenyooka na kubanwa pamoja huweza kuitegua nyonga ambayo bado ni laini. Vibebeo vyenye kitako chembamba humwacha akining'inia kwa msamba, miguu imelegea. Nenda na mtoto dukani, umpime kwenye kibebeo kabla hujalipa.

Wakati wa joto, kanga moja ya pamba na nguo nyepesi zamtosha. Blanketi juu ya mbeleko humtoa jasho. Mguse shingoni kwa nyuma ujue kama ana joto kupita kiasi.

Bodaboda ikianguka, mbeleko haimkingi, hata ikazwe vipi. Na mafuta yakishaanza kuchemka jikoni, mfungue, bibi au shangazi ampakate mpaka umalize kukaanga.