Wakati ujao katika Kiingereza

Wakati ujao katika Kiingereza ni jumla ya miundo inayotumika kueleza tendo ambalo bado halijatokea. Kiswahili hupachika kiambishi -ta- ndani ya kitenzi, kama katika "nitasoma" na "watakuja". Kitenzi cha Kiingereza hakina umbo la pekee la wakati ujao. Maana hiyo huletwa na kitenzi kisaidizi au na umbo la wakati uliopo. Kwa hiyo -ta- moja huweza kutafsiriwa kwa njia kadhaa, na kila njia ina maana yake.

Miundo mikuu

* will: uamuzi wa papo hapo, ahadi au ubashiri. Mfano: "I will help you", yaani "Nitakusaidia". Kitenzi kinachofuata hakibadiliki: husemwa "she will go", si "she will goes". Kikanushi ni "will not", kwa kifupi "won't".
* be going to: nia iliyokwisha kuwepo, au jambo ambalo dalili zake zinaonekana. Mfano: "Look at those clouds! It is going to rain", yaani "Tazama mawingu yale! Mvua itanyesha".
* Wakati uliopo wa kuendelea: mpango uliokwisha kukubaliwa. Mfano: "We are meeting the headmaster on Monday", yaani "Tutakutana na mwalimu mkuu Jumatatu".
* Wakati uliopo wa kawaida: ratiba. Mfano: "The train leaves at seven tomorrow morning", yaani "Treni itaondoka kesho saa moja asubuhi".

Tendo litakaloendelea huelezwa kwa "will be", kama "I will be travelling", yaani "Nitakuwa ninasafiri". Litakalokuwa limekamilika huelezwa kwa "will have", kama "They will have finished by June", yaani "Watakuwa wamemaliza kufikia Juni".

Baada ya when na if

Hapa ndipo wazungumzaji wa Kiswahili hukosea mara nyingi. Katika "Nitakapofika nitakupigia simu", alama ya wakati ujao imo katika vitenzi vyote viwili. Kiingereza huiweka katika kishazi kikuu tu: "When I arrive, I will call you". "When I will arrive" si sahihi. Kanuni hiyo hufuatwa pia baada ya "before", "after", "until" na "as soon as", na kwa kawaida baada ya "if" ya sharti: "If it rains, we will stay at home".

Asili ya will na shall

Katika Kiingereza cha kale "will" ilikuwa na maana ya kutaka, na "shall" ya kuwiwa au kupaswa. Kiambishi -ta- nacho kimetokana na kitenzi "taka", ambacho bado kinaonekana kizima katika "nitakapofika". Mwaka 1653 John Wallis aliandika kanuni ya kutumia "shall" kwa nafsi ya kwanza na "will" kwa nafsi nyingine. Leo "will" hutumika kwa nafsi zote, "shall" imebaki hasa katika sheria, mikataba na maswali ya kupendekeza, kama "Shall we go?", yaani "Twende?"