Daktari, Viza na Miaka Miwili ya Deni

Mhitimu wa udaktari kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayetaka kusomea ubingwa nchini Marekani hana budi kuvuka milango miwili, wa kwanza ukiwa wa taaluma na wa pili wa uhamiaji, na ingawa nguvu zake nyingi huishia kwenye ule wa kwanza, huu wa pili ndio unaoamua kama mwenzi wake wa ndoa ataruhusiwa kuajiriwa, baada ya mafunzo atafanya kazi wapi, na lini atarudi nyumbani. Mafunzo hayo, yanayoitwa rezidensi, ni kazi na masomo kwa pamoja, kwani daktari hulipwa mshahara huku akitibu wagonjwa chini ya usimamizi wa mabingwa, kwa miaka 3 katika magonjwa ya ndani, magonjwa ya watoto au tiba ya familia, miaka 5 katika upasuaji wa jumla, na 7 katika upasuaji wa ubongo. Hapo yanatofautiana na utaratibu wa Afrika Mashariki, ambako ubingwa hupatikana zaidi kwa shahada ya uzamili, na mara nyingi mwanafunzi au mdhamini wake ndiye anayelipa ada. Kwa sababu rezidensi ni ajira, daktari anayetoka nje huingia kwa mojawapo ya viza mbili, ama J-1 ama H-1B.

Mlango wa taaluma waweza kuelezwa kwa ufupi. Daktari hutafuta kwanza cheti cha tume inayojulikana kwa herufi ECFMG, iliyoanzishwa mwaka 1956 kuhakiki wahitimu wa vyuo vya nje, ambayo huthibitisha shahada yake na kumtaka afaulu hatua mbili za mtihani wa leseni wa Marekani, USMLE, pamoja na kupimwa Kiingereza cha kitabibu. Kisha huomba nafasi, huhojiwa na hospitali zilizomkubali, na mwishowe yeye na hospitali hizo huorodhesha chaguo zao, ambazo hulinganishwa na kompyuta moja kwa nchi nzima. Matokeo hutoka mwezi Machi, na kazi huanza tarehe 1 Julai au siku chache kabla yake. Katika miaka ya karibuni waombaji wa nje wasio raia wa Marekani waliopata nafasi kwa njia hiyo wamekuwa chini ya asilimia 60, jambo linaloeleza kwa nini wengi huipokea viza yoyote itakayotolewa na hospitali bila kuuliza masharti yake.

Viza ya J-1 ndiyo inayotumiwa na wengi. Kisheria ni viza ya mabadilishano ya kielimu, iliyojengwa juu ya sheria ya mwaka 1961 iliyokusudia watu waje Marekani, wajifunze, kisha warudishe ujuzi makwao, na kwa madaktari walio mafunzoni mdhamini ni mmoja tu, ECFMG yenyewe. Kila mwaka tume hiyo hutoa fomu ya DS-2019, ambayo ndiyo roho ya ukaazi wa daktari, maana bila hiyo ubalozi hautoi viza na hospitali haiwezi kumruhusu aingie wodini. J-1 haimdai daktari afaulu hatua ya tatu ya USMLE kabla ya kuanza, na mwenzi wake, anayeingia kwa J-2, anaweza kuomba kibali cha kazi. Hata hivyo muda wote wa mafunzo hauzidi miaka 7 kwa kawaida, na daktari haruhusiwi kufanya kazi ya ziada nje ya programu yake, hata zamu moja ya usiku katika hospitali ya jirani.

H-1B ni viza ya kazi hasa, inayoombwa na mwajiri kwa niaba ya mtaalamu, na mwenye nayo anaweza kutafuta ukaazi wa kudumu bila kuvunja masharti ya viza yake. Ukomo wake wa kawaida ni miaka 6, ambayo humtosha mtu wa magonjwa ya ndani anayeendelea na ubobezi wa moyo kwa miaka 3 zaidi, lakini haimtoshi daktari wa upasuaji wa ubongo. Hospitali za vyuo vikuu na taasisi zisizo za faida zinazoshirikiana navyo haziguswi na bahati nasibu ya viza 65,000 na nyongeza ya 20,000 inayowakabili waajiri wengine. Mwenzi wa ndoa, mwenye H-4, kwa kawaida haruhusiwi kuajiriwa katika miaka hiyo. Kikwazo kikubwa zaidi kimejificha kwenye mtihani: H-1B ya rezidensi hudai daktari awe amefaulu hatua ya tatu ya USMLE, na hatua hiyo hufanyika ndani ya Marekani na maeneo yake pekee, hivyo daktari aliyeko Mwanza au Mombasa hulazimika kupata kwanza viza ya matembezi, asafiri kwa gharama zake, afanye mtihani huo wa siku mbili, arudi kusubiri majibu, na yote hayo yakamilike kabla ya msimu wa maombi ya viza ya kazi.

Mwaka 2025 uliifanya njia hiyo kuwa nyembamba zaidi. Tangazo la Rais wa Marekani lililoanza kutumika tarehe 21 Septemba liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya nchi, kiasi ambacho hospitali nyingi haziwezi kukitoa kwa ajili ya daktari mwanafunzi. J-1 nayo haikusalimika, kwa sababu usaili mpya wa viza za wanafunzi na wa mabadilishano ulisimamishwa kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni, wiki zilezile ambazo daktari aliyepata nafasi Machi hupanga safari, na Burundi iliingizwa mwezi huo wa Juni katika nchi ambazo raia wake walizuiwa viza za aina hiyo. Mwezi Desemba Tanzania nayo ikaongezwa katika orodha ya vizuizi.

Kiini cha J-1, ambacho ndicho husomwa kwa haraka kuliko vyote, ni sharti la miaka miwili. Daktari aliyeingia kwa viza hiyo kwa ajili ya mafunzo ya tiba hawezi kupata H-1B wala ukaazi wa kudumu kabla hajarudi na kuishi katika nchi yake kwa jumla ya miaka miwili. Sharti hilo huanzia nyumbani, katika karatasi inayoitwa barua ya uhitaji, ambayo Wizara ya Afya ya nchi ya daktari huiandika kwa maneno yaliyopangwa na sheria ya Marekani, ikithibitisha kuwa nchi inahitaji mabingwa wa fani iliyotajwa na kuwa mwombaji ameahidi kwa maandishi kurejea akimaliza. Fani hiyo lazima ilingane na nafasi aliyoipata, na akitoka katika magonjwa ya ndani kwenda kusomea ubobezi wa figo, huhitaji barua nyingine. Ni ahadi ya pande mbili, na inasikitisha kwamba upande wa pili huwa mwepesi: katika Kenya na Tanzania wako madaktari waliomaliza mafunzo ya vitendo na bado wanasubiri ajira ya serikali ilhali wodi zina upungufu, na barua inayotangaza uhitaji ingekuwa na uzito wa haki kama ingefuatana na nafasi inayomngoja bingwa huyo.

Wageni wengine wa J-1 wanaweza kusamehewa sharti hilo kwa barua ya nchi yao ya kutokuwa na pingamizi, lakini madaktari wa mafunzo ya tiba wameondolewa katika msamaha huo. Kwao zimebaki njia chache, ikiwamo kuthibitisha kuwa watateswa wakirudi, au kuwa mwenzi au mtoto aliye raia wa Marekani atapata dhiki isiyo ya kawaida. Inayotumika zaidi ni ile iliyoasisiwa mwaka 1994 kwa jina la Seneta Kent Conrad wa North Dakota, ambapo kila jimbo, lililopewa nafasi 20 kwa mwaka hapo mwanzo na 30 tangu 2002, hupendekeza daktari asamehewe ikiwa atahudumu miaka 3 katika eneo lenye uhaba wa madaktari. Ndiyo maana bingwa aliyeahidiwa kwa hospitali ya rufaa ya Afrika Mashariki anaweza kukutwa akitibu wakulima wa mji mdogo wa Marekani, na wagonjwa wa huko nao wana uhitaji wa kweli.

Anayechagua kurudi hana haja ya kuitumikia miaka hiyo kwa mfululizo, kwa kuwa siku hujumlishwa, lakini ni zile tu alizokuwamo ndani ya nchi husika. Mtanzania aliyeajiriwa Nairobi kwa miaka miwili hajalipa hata siku moja ya deni hilo, na ushahidi wake wa siku alizokaa huwa ni barua za mwajiri pamoja na mihuri ya pasipoti, ya kuingia na ya kutoka.