Kabla ushushe Vitz yako, jua kazi ya ile raba

Ilikuwa Jumamosi jioni, mvua imetoka kunyesha, na binamu yangu alikuwa amebeba mama mmoja na mtoto wa wiki mbili kutoka hospitali. Vitz yetu ya kijivu. Nyuma mama, mtoto na dadake mama. Mbele begi, beseni na blanketi. Walipokaribia Olympic wakielekea Ayany kuna tuta ambalo maji yalikuwa yamelifunika. Binamu hakuwa anaendesha kasi. Hata hivyo gari likashuka na kupiga kishindo, gwa!

Si ile sauti ya kawaida ya kuruka tuta. Hii ilikuwa chuma kwa chuma, kama mtu amepiga sufuria na nyundo chini ya kiti. Mtoto akaamka akilia. Mbele kidogo ikaja harufu ya raba inayoungua. Binamu akasimamisha gari kando, akamulika na simu, akaona bega la tairi la nyuma limechanika hadi nyuzi zinaonekana. Fenda ilikuwa imelila. Akawaitia abiria wake teksi nyingine, akailipia mwenyewe, na usiku huo app ikamletea zawadi ya nyota moja.

Kosa lilikuwa langu. Acha nieleze.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma. Nilikuwa nasomea uhasibu, kwa hivyo hesabu utakazoona hapa chini angalau hizo niamini. Mamangu alichukua mkopo wa chama, binamu akaongeza akiba yake, tukanunua Vitz ya mwaka wa 2008. Mpango ni huu: Jumatatu hadi Jumamosi binamu anaendesha teksi, tunalipa chama. Jumapili gari ni langu, napiga picha na video za blogu. Na msee hawezi kupiga picha za Vitz imesimama juu kama kuku anayevuka matope. Nikataka ilale.

Kuna kijana wa karakana ya kando ya barabara aliyenifanyia. Alikata springi kwa greinda, mzunguko mmoja na nusu kila upande, nikalipa elfu tatu na mia tano, saa mbili kazi imeisha. Gari lilikuwa tamu kuangalia, siwezi kukudanganya. Nafasi kati ya tairi na fenda ilitosha vidole viwili tu. Lakini kila shimo dogo lilikuwa linagonga. Nikarudi. Yule kijana akachungulia, akasema, "Ni hizi raba za ndani zinakugongea, bro. Tuzitoe." Akazitoa zote nne. Kishindo kikapungua kweli. Wiki mbili nikawa nampigia debe kila mahali.

Baada ya ile Jumamosi tulilipeleka gari kwa mzee mmoja Mnubi hapa Ayany, ambaye amekuwa akitengeneza magari tangu kabla sijazaliwa. Alizunguka gari mara moja, akakandamiza boneti kwa viganja viwili, kisha akauliza, "Raba za kusimamisha shoki ziko wapi?"

"Tulizitoa, Mzee."

"Mlizitoa." Akanyamaza. "Kijana wangu, umewahi kuona mlango wa chuma ambao ukutani hakuna ile raba ya kuuzuia? Siku ya kwanza hautaona kitu. Siku ya mia, ukuta umeanguka."

Hiyo raba ndiyo makanika wengi huita stopa. Kwa magari madogo kama Vitz, Demio au Fit, ya mbele huwa imevaliwa kwenye ile fimbo inayong'aa ya shoki, juu kabisa, imefichwa na kifuniko cha vumbi. Nyuma, kutegemea gari, inaweza kuwa kwenye shoki au imeshikiliwa na bodi juu ya ekseli. Nyingi za siku hizi si raba kamili bali ni povu gumu la poliyurethani, lenye vishimo vidogo vya hewa ndani. Ukiibonyeza kwa kidole ni laini. Endelea kubonyeza, inakuwa ngumu zaidi na zaidi. Umbo lake pia limepangwa: ncha nyembamba inagusa kwanza, kisha inafuata ile sehemu nene.

Maana yake stopa si kipande cha kuzuia kelele. Ni springi ya pili. Springi ile kubwa ikifika mwisho wa uwezo wake, hii inaingia polepole na kupokea mzigo uliobaki. Isipokuwepo, bastola iliyo ndani ya shoki inagonga vali ya chini, sili inaanza kuvujisha mafuta, na tairi linapanda hadi likutane na bodi. Kwetu mambo yote matatu yalitokea. Shoki za nyuma zilikuwa zimelowa mafuta chapachapa, na ni wiki mbili tu.

Sasa hesabu. Tuseme gari lako likiwa limesimama, fimbo ya shoki inaweza kushuka sentimita nane kabla ya kugusa stopa. Umelishusha sentimita nne. Nusu ya safari umeshaila ukiwa bado hujawasha injini. Weka watu watatu nyuma na beseni, umekula nyingine mbili au tatu. Zimebaki moja au mbili. Ndiyo maana gari lililoshushwa hugonga hata kwa mfereji mdogo. Stopa haijafanya kosa lolote, imeitwa kazini mapema tu.

Kuna jambo lingine ambalo sikuwa nalijua, na ndilo lililoniogopesha kuliko tairi. Stopa ikiguswa ghafla ukiwa kwenye kona, ule upande unageuka kuwa mgumu kama jiwe kwa sekunde moja, na tairi linapoteza mshiko. Ikitokea mbele, gari linakataa kukata kona na kwenda moja kwa moja. Ikitokea nyuma, mkia unateleza. Hebu fikiria hilo kwenye Southern Bypass usiku, kuna lori kando yako.

Halafu springi zenyewe. Mzee aliinua gari kwa jeki, magurudumu yakaning'inia, akashika springi ya mbele kwa mkono. Ilikuwa inacheza! Ukiikata sana, inakuwa fupi kiasi kwamba gari likiruka inaachia kiti chake, na ikirudi inaweza kukaa vibaya. Wengine huipasha moto kwa gesi mpaka ilale, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu moto unaua ugumu wa chuma. Mzee hakuongea sana juu ya hili. Alizitupa tu kwenye rundo la vyuma vikuukuu.

Mbele ya magari haya kuna muundo unaoitwa MacPherson, jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson. Ford iliutumia kwenye Consul mwaka wa 1950, na ni rahisi kutengeneza kiasi kwamba karibu kila gari dogo unaloliona Nairobi linautumia. Shida ni kwamba hapo shoki si ya kutuliza tu. Ndiyo mguu unaoshikilia gurudumu, kwa hivyo ukiipiga chuma kwa chuma kila siku, unapiga mguu wa gari.

Sijasema usishushe. Najua wazee wa Taifa hili watasoma hapa wapige makofi, lakini pole, mimi bado napenda gari lililolala. Kuna njia ya kulifanya, na njia hiyo inagusa stopa.

Kwanza kabisa angalia kama bado unayo. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, lakini likishafika linakaa nasi miaka mingine kumi na zaidi. Povu huzeeka. Za mbele za Vitz yetu, tulipozipata kwa yule kijana kwenye mkebe wa takataka, zilikuwa zinamomonyoka kama keki ya jana. Kukata stopa ya aina hiyo ni kupoteza wakati. Nunua mpya, au utafute nzuri Grogan, na uzibonyeze kwa kidole kabla hujatoa pesa.

Kisha pima. Hapa ndipo Mzee alinifunza kitu ambacho hakuna video iliyonionyesha. Alitoa springi, akarudisha shoki peke yake, akafunga gurudumu, halafu akaliinua kwa jeki polepole huku nikiwa nimeinama natazama. Lilipokaribia kugusa bodi, akasimama, akanigeuzia usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, kwa sababu tairi likigeuka linagusa mahali pengine. Akapima fimbo iliyobaki nje. Hicho ndicho kipande ambacho stopa ikiwa imebanwa kabisa lazima ijaze. Ukikata ikawa fupi kuliko hapo, fenda ndiyo itakuwa stopa yako.

Kuhusu kukata: kisu kikali na maji ya sabuni, si greinda. Ikiwa umbo linaruhusu, kata upande mnene wa juu, uiache ile ncha laini iendelee kugusa kwanza. Ukikata ncha umebaki na gogo, na kila mguso utakuwa kama ngumi. Usikate zaidi ya kiasi ulichoshusha gari. Mzee ana sheria yake: nusu ya urefu haiguswi, hata uwe umeshusha namna gani. Ukitaka kushuka zaidi ya hapo, anasema, nunua shoki fupi zilizotengenezewa kazi hiyo, zije na stopa zake fupi. Hizo ni ghali. Ndiyo, najua.

Na usisahau ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya. Ifunge kwenye fimbo ya shoki, isukume hadi chini, endesha siku mbili na mzigo wako wa kawaida, halafu uangalie imesukumwa hadi wapi. Itakuambia kama stopa inaguswa mara moja moja au unaishi juu yake. Shilingi chache tu.

Alipokuwa akifanya haya yote, kulikuwa na Probox pembeni inayowekewa spesa ili iinuke. Karakana moja, asubuhi moja, mmoja anashuka na mwingine anapanda. Mwenye Probox alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Huwezi kumlaumu, hii ni nchi ya Safari Rally, tangu 1953 tumekuwa tukisifu magari yanayoruka. Yale yanayokuja Naivasha tangu mashindano yarudi kwenye kalenda ya dunia mwaka wa 2021 yameinuliwa juu, na shoki zake nyingi zina stopa ya mafuta: fimbo ikifika karibu na mwisho, mafuta yanalazimishwa kupita kwenye tundu dogo, kwa hivyo inasimama bila kugonga. Kumbe hata wenye pesa za kutupa hawatoi stopa. Wanaongeza nyingine bora.

Bili yetu: springi za eksi-Japani zote nne, shoki mbili za nyuma, stopa nne mpya, tairi moja, na kurekebisha magurudumu yakae sawa. Elfu ishirini na nane. Chama kilisubiri mwezi mzima, na mamangu alienda kwa mkutano wao akiwa na maelezo ambayo si yake. Hilo ndilo sijalimaliza kulipa.

Springi mpya nilitaka zikatwe kidogo. Binamu alikataa, na Mzee akakaa upande wake. Tulipatana baadaye: gari liko katika urefu wa kiwandani hadi chama kiishe, halafu springi fupi za dukani, sentimita mbili na nusu tu, stopa zikapunguzwe kwa kisu cha Mzee mwenyewe. Nimebakisha malipo matano.

Ile kamba ya plastiki binamu aliiacha kwenye shoki ya nyuma. Kila Jumamosi jioni akirudi Ayany anainama kuiangalia kabla hajaingia nyumbani, na mimi humshikia simu ammulike.