Mkopo wa Simu na Sitara ya Mkopaji

Huko Mau Narok, katika nyanda za juu za kaunti ya Nakuru zipitazo mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, ambako jalidi ya alfajiri huunguza majani machanga, mkulima wa viazi humaliza akiba yake kwa mbegu, mbolea na dawa ya ukungu kabla hajaona hata kiazi kimoja, kisha hana budi kusubiri miezi mitatu au minne. Karo ya shule haisubiri, wala maradhi hayabishi hodi. Ndipo mtu hushika simu yake akakopa.

Zamani mwenye haja alimwendea jirani au chama, akanong'ona shida yake, na aliyemkopesha akaihesabu siri ile kuwa ni amana. Tangu kuanzishwa huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa mwezi wa Machi 2007, kisha ile ya mikopo ya M-Shwari mwishoni mwa 2012, mkopo hupatikana kwa kubonyeza simu. Na insafu yatulazimu kukiri kuwa hiyo ni neema kwa asiye na hatimiliki wala mdhamini. Lakini baadaye zilizuka programu ambazo, kabla ya kutoa hata shilingi mia tano, zilimtaka mwombaji abonyeze "Kubali", naye kwa dhiki yake akabonyeza bila kusoma, asitambue kwamba amewafungulia wageni namba zote zilizomo simuni mwake: ya mama mkwe, ya mwajiri, ya padri, hata ya mnunuzi wa viazi vyake. Siku ya kulipa ilipopita, nayo hufika viazi vingali udongoni, watu hao wote walipigiwa simu na kuambiwa kuwa fulani ni mdaiwa sugu.

Watetezi wa biashara hiyo husema kuwa mkopaji aliridhia. Tuseme aliridhia, ingawa ridhaa ya mwenye dhiki ni ridhaa dhaifu. Lakini mama mkwe hakukopa, hakudhamini, wala hakubonyeza kitu. Kwa idhini ya nani basi namba yake ikageuzwa fimbo ya kumchapia mkwewe? Dawa ya deni ni kulipa, wala hatumtetei mwenye kukwepa. Ila kudai ni haki, na kufedhehesha ni dhuluma.

Sheria imekwisha kunena. Katiba ya Kenya ya 2010, katika vifungu vya 28 na 31, inalinda heshima na faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa 2019. Na kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zikawakataza wakopeshaji wa simu kutisha, kutukana na kuwasumbua jamaa wa mdaiwa. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa makosa ya namna hiyo.

Simu haina haya wala haina inda. Vyote viwili ni vya binadamu aliyeiagiza kazi. Basi, ndugu msomaji, kabla hujabonyeza "Kubali", tazama kama mkopeshaji yumo katika orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu, na uzikatalie programu zinazotaka namba za jamaa zako; na ukifedheheshwa, usijifiche kwa aibu, bali peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, kwani mwenye kustahili aibu ni aliyeivunja amana.