Je, namba moja wa mpira wa kikapu acheze kwa kasi zaidi?

Kama unacheza kikapu kwenye makazi, neno hili umelisikia: "Kimbia!" Kocha analipaza akiwa pembeni, watazamaji wanalirudia, hata wachezaji wenzako wanalisema huku wameinama na mikono iko magotini. Anayeambiwa mara nyingi ni mmoja tu, yule anayepokea mpira nyuma na kuupeleka mbele. Wengi tunamwita namba moja au mchezeshaji. Waliojifunza mchezo huu Kongo na Burundi humwita meneur.

Jioni moja nilikuwa pembeni ya uwanja wetu wa udongo wakati kocha alipomtoa msichana anayecheza nafasi hiyo. Sababu aliyotoa ni kwamba "anatembea". Aliyeingia badala yake alikuwa na miguu mepesi kweli. Mpira ulifika mbele haraka, na haraka hiyohiyo ukaishia mikononi mwa wapinzani. Yule msichana alikaa chini, akafungua kamba za viatu na kusema hatarudi tena mazoezini. Makala hii nimeiandika kwa ajili yake, kwa ajili ya kocha wake, na kwa ajili yako kama umewahi kuwa upande wowote kati ya hizo mbili.

Jibu fupi ni hili: namba moja anapaswa kuwa mwepesi katika sekunde tatu au nne za kwanza baada ya timu yake kupata mpira, na mwepesi wa kuamua wakati wote. Kukimbia mchezo mzima bila kusimama ni jambo jingine, na kwa timu nyingi za kwetu lina hasara kuliko faida. Sasa tuone kwa nini.

Kasi ya mchezo ni nini hasa?

Watu wengi wakisema kasi wanamaanisha miguu. Kwenye kikapu, kasi ya mchezo ni idadi ya zamu. Zamu moja inaanza timu yako inapopata mpira na inaisha mpira unapokwenda kwa wapinzani, iwe mmefunga, mmekosa na wao wakaudaka, au mmeupoteza. Ukicheza haraka, zamu zinakuwa nyingi. Ukicheza taratibu, zinakuwa chache.

Hapa ndipo wengi wanakosea. Ukiongeza zamu zako, unaongeza na za mpinzani, maana mnapokezana. Kwa hiyo kukimbia peke yake hakukupi nafasi zaidi ya kufunga kuliko mwenzako. Kinachoamua mshindi ni pointi mnazopata katika kila zamu.

Unaweza kupima mwenyewe kwa daftari na penseli. Hesabu mara ambazo timu yako imerusha mpira kikapuni. Toa mara ambazo mmekosa kisha mkaudaka tena wenyewe. Ongeza mara mlizopoteza mpira. Ongeza nusu ya mitupo ya adhabu (wataalamu hutumia 0.44, lakini nusu inatosha kwa uwanja wetu). Tuseme mmerusha mara 50, mmejidakia 8, mmepoteza 13, na mmepata mitupo ya adhabu 10. Hiyo ni 50 kutoa 8, kuongeza 13, kuongeza 5: zamu 60. Kama mmefunga pointi 48, mmepata 0.8 kwa kila zamu.

Wiki inayofuata mnakimbia. Zamu zinafika 75 na mnafunga 54. Kijiji kizima kitasema mmecheza vizuri zaidi, kwa sababu 54 ni kubwa kuliko 48. Lakini 54 ukigawa kwa 75 unapata 0.72. Mmerudi nyuma, na wapinzani nao wamepewa zamu 75 za kujaribu.

Nani anafaidika na mchezo wa haraka?

Timu iliyo bora. Chukua timu inayopata pointi 1 kwa kila zamu, ikicheza na inayopata 0.9. Kwa zamu 40 tofauti ni pointi 4, na hizo zinafutwa na mitupo miwili ya mbali iliyoingia kwa bahati. Kwa zamu 80 tofauti ni 8, na bahati inapata kazi zaidi. Ukijua kwamba wapinzani wanawazidi, mchezo mfupi wenye zamu chache unawapa nafasi nzuri zaidi ya kuwashangaza. Huo si woga, ni hesabu.

Hila hii ni ya zamani. Tarehe 22 Novemba 1950 huko Marekani, Fort Wayne Pistons waliwashinda Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Pistons walijua hawamwezi George Mikan, jitu la Lakers, kwa hiyo walishika mpira na kukaa nao. Watazamaji walichukia. Mwaka 1954 ligi ya NBA ikaweka saa ya sekunde 24. Namba hiyo ilitoka kwa Danny Biasone, mmiliki wa timu ya Syracuse: aliona kwamba mchezo mzuri una mitupo kama 120 kwa timu zote mbili, na dakika 48 ni sekunde 2,880. Gawanya, utapata 24. Shirikisho la dunia, FIBA, lilikuwa na sekunde 30 hadi mwaka 2000 ndipo nalo likahamia 24, na likapunguza muda wa kuvusha mpira mstari wa kati kutoka sekunde 10 hadi 8.

Viwanja vyetu vingi havina saa hiyo. Refa akiwa mkali atahesabu 8 kwa mkono, lakini 24 hakuna anayeihesabu. Maana yake namba moja wako anaweza kusubiri zaidi kuliko wachezaji unaowaona kwenye simu. Kocha anayedai mwendo wa NBA kwenye uwanja usio na saa anajinyima kitu alichopewa bure.

Lakini mbona wanaokimbia wanashinda?

Swali la haki. Mfano mkubwa ni Phoenix Suns. Msimu wa 2003-04 walishinda michezo 29 na kupoteza 53. Wakamchukua Steve Nash, mchezeshaji aliyezaliwa Johannesburg na kukulia Kanada, na chini ya kocha Mike D'Antoni wakaanza kurusha mpira ndani ya sekunde saba hivi. Msimu wa 2004-05 walishinda 62 na kupoteza 20. Nash alipewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2005 na tena 2006.

Sasa mtazame Nash kwa makini, ukipata video yake na bando likiruhusu. Hakuwa mkimbiaji hodari wala hakuruka juu. Kilichokimbia ni mpira. Alikuwa ameshaona mwenzake yuko wapi kabla ya kuupokea, na pasi moja ndefu inamshinda mkimbiaji yeyote. Zaidi ya hayo, aliendelea kudunda hata pale njia ilipofungwa, akapita chini ya goli akatokea upande wa pili, akisubiri mlinzi mmoja akosee. Hiyo siyo haraka ya kukimbizwa. Na kwa haki ya mambo tuseme pia kwamba Suns hao, kwa kasi yao yote, walitolewa na San Antonio Spurs 4 kwa 1 kwenye fainali ya kanda ya Magharibi mwaka 2005.

Mfano wa karibu nasi ni Sudan Kusini. Ndugu zetu wa Kiryandongo na Adjumani hawahitaji kukumbushwa. Nchi iliyopata uhuru mwaka 2011, ambayo Luol Deng, rais wa shirikisho lake la kikapu, alisema haikuwa na uwanja hata mmoja wa ndani, ilikwenda Kombe la Dunia mwaka 2023, ikaifunga China 89 kwa 69 na Angola 101 kwa 78, na kupata tiketi ya Olimpiki. Mchezeshaji wao alikuwa Carlik Jones, mzaliwa wa Marekani. Kwenye mashindano hayo alitoa pasi za kufunga zaidi ya 10 kwa kila mchezo.

Tarehe 20 Julai 2024 jijini London, katika mchezo wa kirafiki, walienda mapumziko wakiwaongoza Marekani 58 kwa 42. Jones alimaliza na pointi 15, ribaundi 11 na pasi 11. LeBron James alifunga zikiwa zimebaki sekunde chache na Marekani wakapona 101 kwa 100. Siku chache baadaye kwenye Olimpiki, Sudan Kusini waliishinda Puerto Rico 90 kwa 79, kisha wakakutana tena na Marekani na safari hii wakafungwa 103 kwa 86.

Ribaundi 11 za Jones ndizo ninazotaka uzifikirie. Namba moja akidaka mpira mwenyewe chini ya goli lake, hakuna pasi ya kusubiri. Shambulizi linaanza palepale, wapinzani bado wamegeuza mgongo. Kama unataka timu yako iwe ya haraka, mfundishe namba moja kuingia kudaka, kabla ya kumfundisha kukimbia.

Hesabu vichwa

Sekunde za kwanza zina thamani kwa sababu ulinzi haujapangika. Baada ya hapo, kila sekunde unayokimbilia ukuta uliosimama ni kazi bure. Kwa hiyo ukipokea mpira, inua uso na uhesabu. Wenzako mkiwa wawili dhidi ya mmoja, au watatu dhidi ya wawili, nenda bila kusita. Mkiwa sawa, jaribu pasi moja. Isipofungua njia, rudi nyuma na uite mpango. Mkiwa wachache, simama. Subiri wenzako wafike, hata kama uwanja mzima unapiga kelele.

Hata mkiwa mmefungwa, mnaweza kuanza haraka: mmoja anachukua mpira chini ya goli na kuurusha ndani kabla wapinzani hawajamaliza kushangilia. Hapa kelele ya kocha ina haki yake.

Ogopa zaidi kupoteza mpira katikati ya uwanja ukiwa unadunda. Ukirusha ukakosa, wenzako angalau wako mbele na wanaweza kudaka au kurudi. Ukinyang'anywa katikati, mpinzani yuko peke yake na goli. Kwenye uwanja wa udongo wenye vijiwe mpira hauinuki sawasawa, na kadiri unavyokwenda kasi ndivyo unavyoinuka ovyo. Pasi ya hewani haijali mawe.

Jambo jingine ni kubadili mwendo. Mlinzi anamzoea mtu anayekwenda kasi moja, iwe kubwa au ndogo. Luka Dončić, aliyeifikisha Dallas fainali ya NBA mwaka 2024, si mkimbiaji wa kutisha; anawapita watu kwa kusimama ghafla. Dunda mara mbili taratibu, inua kichwa kama unayetafuta mtu wa kumpa pasi, kisha ondoka. Zoezi hili halihitaji uwanja, njia ya kwenda kuchota maji inatosha.

Mwili una bajeti yake

Hili halimo kwenye video za mafunzo. Tangu mwaka 2023, WFP nchini Uganda hugawa msaada wa chakula kulingana na makundi ya uhitaji. Familia nyingi hupata sehemu tu ya mgao, nyingine hazipati kabisa. Kocha, mchezaji unayemwambia akimbie dakika 40 huenda amekula mara moja tangu jana. Huyo si mvivu. Muulize kwa faragha, si mbele ya wenzake.

Kama una wachezaji saba tu, kasi ya mchezo mzima itawamaliza kabla ya robo ya nne. Gawa kasi: kimbizeni dakika mbili baada ya kubadilisha wachezaji, halafu tulieni. Anzeni saa kumi na moja jioni jua likipoa, na maji yawe karibu. Mchezaji akipata kizunguzungu, kichefuchefu, au akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, mtoeni, mlazeni kivulini, mwageni maji mwilini mwake huku mkimpepea, na mpelekeni kituo cha afya. Mchezo utasubiri.

Yule msichana alirudi. Siku ya tatu nilimpa kocha daftari lenye hesabu za michezo miwili, tukakaa kwenye gogo tukazisoma pamoja. Alibisha kuhusu mipira miwili ambayo alisema refa ndiye aliyeipoteza, na nadhani alikuwa na haki. Sasa anamwanzisha yeye, na yule mwenye miguu mepesi anaingia robo ya pili, wapinzani wakiwa wamechoka. Bado anapaza sauti, lakini siku hizi anasema "Hesabu!"