Zawadi ya Noeli kwa mtoto mdogo: tuchague nini?



Majilio yameanza, na katika nyumba nyingi hesabu za sikukuu zimeshapigwa: nguo mpya, mchele, nyama, nauli ya kwenda kijijini. Mwisho kabisa wa hesabu hiyo, kama kuna kinachobaki, hukaa zawadi ya watoto wadogo. Hununuliwa tarehe 24 jioni, kwa haraka, kwa mchuuzi aliyepanga bidhaa zake kando ya barabara, na mara nyingi kinachochaguliwa ni kile kinachowaka taa na kupiga muziki. Mwezi huu tunaomba zawadi hiyo ipande juu kidogo katika hesabu zenu. Hatusemi iongezewe fedha. Tunasema ifikiriwe mapema, maana kwa mtoto wa chini ya miaka 5 kitu cha kuchezea ndiyo shule yake, na kitu hicho hicho kikichaguliwa vibaya kinaweza kumfikisha hospitali usiku wa Noeli.

Bado wapo wanaodhani kuwa mtoto anapocheza anapoteza muda, au ametulia tu ili wakubwa wafanye kazi. Sivyo. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa katika miaka yake ya kwanza, na hukua vizuri zaidi pale mtoto anaposhika, anaposukuma, anapojaribu na kuitikiwa na mtu. Serikali yetu ilipozindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, Desemba 2021, ujifunzaji wa awali uliwekwa bega kwa bega na lishe, afya na ulinzi. Kwa hiyo mama anayemtengenezea mwanawe kayamba anafanya kazi ya afya sawa na yule anayempeleka kliniki kupimwa uzito.

Kila umri na mchezo wake

Mtoto wa miezi 3 hana haja ya kununuliwa kitu. Anachopenda kuliko vyote ni uso wa mama yake na sauti inayomwimbia. Kuanzia miezi 6 hivi huanza kukaa, kushika kwa nguvu na kupeleka kila kitu mdomoni. Msimkataze, kwa kuwa mdomo wake ndio unaomwambia kipi kigumu, kipi laini, kipi baridi. Mpeni kijiko cha mbao kilichooshwa, kikombe cha plastiki, sufuria ndogo na mfuniko wake. Chupa tupu ya maji yenye maharage machache ndani humfurahisha sana, ila kizibo lazima kifungwe barabara na kuzungushiwa uzi au gundi imara, maana maharage yale yakimwagika yanageuka hatari. Tutalirudia hili.

Anapotimiza mwaka na kuanza kutembea, furaha yake ni kusukuma, kuvuta, kujaza na kumwaga. Kopo kubwa na vizibo vikubwa vya madumu vinaweza kumshughulisha asubuhi nzima: anatia, anamwaga, anatia tena. Wakubwa huchoka kutazama, yeye hachoki. Hapo ndipo anapojifunza ndani na nje, kikubwa na kidogo, kimoja na vingi. Mpira wa matambara uliofungwa vizuri unafaa kuliko wa dukani kwa umri huu, kwa sababu hauendi mbali na hauumizi.

Kati ya miaka 2 na 3 mtoto huiga. Anataka kufagia, kutwanga, kubeba mtoto mgongoni, kuongea na simu kama baba. Mdoli wa kitambaa, wenye macho yaliyoshonwa kwa uzi na si ya vifungo, pamoja na kipande cha khanga cha kumbebea, ni zawadi kamili, nasi hatuoni kwa nini wavulana wanyimwe. Ufagio mfupi wa kumtosha nao ni zawadi. Kuanzia miaka 3 hadi 5 anaweza kupanga picha zilizokatwa vipande, kuchora kwa chaki sakafuni, kuhesabu kete, kusimuliwa hadithi na kuisimulia upya kwa uongo mwingi wa kupendeza.

Juu ya hadithi, tuseme neno kuhusu vitabu. Wazazi wengi hungoja mtoto aanze shule ndipo wamnunulie kitabu, nacho huwa cha masomo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu tayari anaweza kukaa mapajani akaonyeshwa picha ya kuku na kulia kama kuku. Vitabu vya Kiswahili vya watoto vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 kwa kusudi hilo, na wachapaji kadhaa wameendelea kuvitoa. Kwa mdogo anayechana karatasi, shoneni kitabu cha vitambaa: kurasa 6 za mabaki ya kitenge, kila ukurasa umeshonewa umbo moja, samaki, jua, kiatu. Akina mama wa WAWATA wenye cherehani wakikaa pamoja mchana mmoja, wanaweza kutoa vitabu vya kutosha watoto wa jumuiya nzima.

Kwa fundi seremala

Vipande vinavyobaki karakana hutupwa au huchomwa. Mwombeni fundi awakatie 20, vyenye upana wa sentimita 5 au zaidi, avipige msasa mpaka kona ziwe za mviringo. Mtoto wa mwaka 1 atavigonganisha, wa miaka 2 atavipanga mnara na kuubomoa, wa miaka 4 atajenga kanisa. Hatujui zawadi nyingine inayodumu hivyo kwa bei hiyo.

Lakini mwulizeni fundi maswali mawili. La kwanza, je, mbao hizo zilitiwa dawa ya mchwa? Kama zilitiwa, hazifai kabisa kwa kitu kitakachotiwa mdomoni. La pili ni la rangi. Msikubali zipakwe rangi ya mafuta ambayo hamjui imetengenezwa kwa nini. Baadhi ya rangi zina madini ya risasi, nayo huharibu ubongo wa mtoto polepole bila dalili za wazi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mbao tupu inapendeza yenyewe.

Pango ambalo mtoto anaweza kuligusa

Inasemekana mara nyingi kwamba zawadi zimeifunika Noeli yenyewe. Tunapendekeza zawadi inayoifunua. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliandaa pango lake huko Greccio, Italia, mwaka 1223, na hayati Papa Fransisko alikwenda mahali hapo hapo tarehe 1 Desemba 2019 kutia sahihi barua yake ya kuhimiza familia ziendelee na desturi hiyo. Shida ya mapango yetu ni kwamba mtoto mdogo huambiwa tu, "Usiguse!"

Fanyeni la pili, la kwake. Udongo wa mfinyanzi hauuzwi ghali na sehemu nyingi huchimbwa bure. Finyangeni Yosefu, Maria, Mtoto Yesu, ng'ombe, punda na kondoo, kila sanamu nene kama ngumi ya mtoto, bila pembe nyembamba za kukatika. Watoto wa miaka 4 na 5 wafinyange kondoo wenyewe, hata wakitokea kama viazi. Mahali ambapo udongo mzuri haupatikani, majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba hutoa wachungaji wazuri. Mdogo atambeba Mtoto Yesu nyumba nzima, atamlaza, atamfunika. Anapofanya hivyo anajifunza katekisimu yake ya kwanza, na vidole vyake vinapata mazoezi ya kushika kalamu baadaye.

Vya kuogopa

Tunaanza na kile kisichojulikana na wengi. Simu za kuchezea, kadi zinazoimba, taa ndogo za rangi na saa za watoto hutumia betri bapa za mviringo, mfano wa kifungo au sarafu. Mtoto akimeza betri ya namna hiyo ikakwama katika umio, yaani njia ya chakula, umeme wake huunguza nyama za ndani. Madhara makubwa huweza kutokea ndani ya saa 2 tu, na hata betri iliyokwisha kwenye saa bado inaweza kuunguza. Za upana wa milimita 20 ndizo mbaya zaidi kwa sababu hukwama kwa urahisi. Mwanzoni mtoto anaweza asionyeshe dalili. Baadaye hutoka udenda, hukohoa, hukataa kula.

Ukihisi tu kwamba imemezwa, usingoje itoke kwa choo. Nenda mara moja hospitali yenye eksirei. Usimtapishe. Kama ametimiza mwaka, anaweza kumeza na asali ipo karibu, mpe vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi mara 6, mkiwa njiani. Asali inapunguza kuunguza, haiondoi betri, kwa hiyo safari isicheleweshwe kuitafuta. Mtoto wa chini ya mwaka asipewe asali kamwe. Betri ikiingizwa puani au sikioni, nayo ni dharura; msitie matone ya dawa wala maji.

Kwa hiyo kabla ya kununua, geuza kitu upande wa betri. Kama mfuniko haukufungwa kwa skrubu, rudisha. Tazama pia kama kina sumaku ndogo zenye nguvu: mtoto akimeza mbili, huvutana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo.

Kukabwa koo ni hatari ya kila siku. Chukueni kigogo cha karatasi ya chooni, kile kitundu cha kati chenye upana wa sentimita 4 hivi. Kitu chochote kinachopita ndani yake hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka 3: gololi, magurudumu ya vigari yanayochomoka, shanga, punje za mahindi, na yale maharage ya kayamba lililofunguka. Maputo yanapendwa sana siku za sikukuu, lakini kipande cha puto lililopasuka hunata kooni na ni vigumu kukitoa. Mkubwa ayapulize, na vipande viokotwe vyote. Karanga nzima, bisi na pipi ngumu wasipewe walio chini ya miaka 5, hata mgeni akizileta kwa upendo.

Kigari cha magurudumu cha kumtembeza mtoto huonekana kama msaada, lakini hakimfundishi kutembea. Kinachofanya ni kumfikisha kwenye jiko la mkaa au ngazi kabla hujainuka kitini. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004. Bunduki za plastiki nazo, zile zinazorusha punje, zimeumiza macho. Na hata bila punje, tunaona ni zawadi ya ajabu kwa siku ya kuzaliwa kwa Mfalme wa Amani.

Na simu ya mzazi? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Kuna jambo la heshima hapa. Shangazi au mjomba akitoka mjini na kitu chenye taa na muziki, hatumwaibishi mbele ya watu. Pokeeni, shukuruni, mtoto akione, kisha kiwekwe juu ya kabati mpaka akue au apewe kaka yake mkubwa. Mwakani, mwambieni mapema, "Shangazi, huyu sasa anapenda vitabu." Wengi hufurahi kuelekezwa.

Mtoto akikabwa

Akikohoa kwa nguvu na kulia, mwacheni akohoe. Kama hawezi kukohoa, kulia wala kupumua, fanyeni haraka. Wa chini ya mwaka alazwe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, apigwe mara 5 kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kama hakikutoka, mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole 2 mara 5. Rudia. Aliyezidi mwaka ainamishwe mbele, apigwe mgongoni mara 5, kisha simama au piga magoti nyuma yake, zungusha mikono, weka ngumi juu kidogo ya kitovu na vuta kwa ndani na juu mara 5. Usitie kidole kutafuta kitu usichokiona, maana utakisukuma chini zaidi. Akilegea na kupoteza fahamu, mlaze mahali pagumu, anza kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi, huku mwingine akitafuta usafiri. Hata kitu kikitoka, mpelekeni akaangaliwe.

Nakilini hatua hizi na kuzibandika jikoni. Wafundisheni pia bibi na dada wa kazi, maana mara nyingi ndio wanaobaki na mtoto wakati sisi tuko kwenye Misa ya mkesha.