Lori la Majani Hubeba Maji

Lori linaloshuka kutoka kituo cha kununulia majani huko Litein au Mogogosiek likiwa na tani 4 za chai mbichi, kwa kweli limebeba maji. Asilimia 75 hadi 80 ya jani bichi la chai ni maji. Chai iliyokaushwa na kufungwa tayari kwa mnada hubaki na asilimia 3 hivi. Ndiyo maana zinahitajika kilo nne na nusu hivi za majani kupata kilo moja ya chai. Zaidi ya tani 3 za mzigo ule zitaishia kuwa mvuke kiwandani, baada ya kusafirishwa kwa dizeli.

Kuyakausha shambani hakuwezekani. Jani likishachumwa huendelea kupumua na kupata joto. Likikawia ndani ya gunia huiva na kuwa jekundu kabla ya wakati, na chai yake huharibika. Kwa hiyo malori ya Kericho na Bomet hukimbizana na saa. Hupita njia zilezile fupi kila siku, husimama kituo baada ya kituo mizani ikisubiriwa, kisha usiku hurudi kulala uwanja uleule. Anayetaka kupunguza moshi wake angeanzia hapo, ajue lori linafanya kazi gani. Wengi huanzia kwenye mafuta.

Mafuta yenyewe yana historia. Hadi mwaka 2014 dizeli iliyouzwa Kenya iliruhusiwa kuwa na salfa hadi sehemu 500 kwa kila milioni. Kuanzia Januari 2015 kiwango hicho kilishushwa hadi 50, Kenya ikienda pamoja na majirani zake wa Afrika Mashariki. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mombasa, kilichokuwa kikongwe, kilikuwa kimeacha kazi hiyo tangu 2013, kwa hiyo dizeli safi ilinunuliwa ng'ambo ikiwa tayari. Salfa ina madhara mawili. Ikiungua hutoa gesi kali na chembe ndogo zinazoingia mapafuni, na pia huharibu vichujio na vichocheo vilivyofungwa kwenye bomba la moshi la magari mapya. Lori la kisasa kabisa likinyweshwa dizeli yenye salfa nyingi hupoteza kinga yake. Lori kuukuu nalo, hata likipewa dizeli safi, halina kichujio cha kulindwa. Hutoa salfa pungufu, lakini masizi hubaki.

Mwinuko nao huongeza tatizo. Mji wa Kericho uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko ya Mombasa. Injini ya zamani isiyo na turbo huvuta hewa hiyo pungufu, lakini pampu yake humwaga dizeli kama iko pwani. Mafuta yasiyopata oksijeni ya kutosha hugeuka masizi, na lile wingu jeusi mlimani si lazima litokane na dereva mzembe. Kurekebisha pampu, kusafisha nozeli na kubadilisha kichujio cha hewa kwa wakati ni kazi ya fundi wa kawaida, na sioni kwa nini isitangulie mipango mikubwa.

Dizeli ya mimea ilishawahi kutukuzwa nchini. Miaka ya 2000 wakulima wengi waliambiwa wapande mbono kaburi (jatropha), wakaishia na mavuno haba. Huku kwenye chai kuna kikwazo kingine: dizeli itokanayo na mawese huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16 hivi, na usiku Kericho baridi hufika nyuzi 10. Mafuta ya mimea yaliyopikwa kwa hidrojeni hustahimili baridi vizuri zaidi, tena injini iliyopo huyatumia bila kubadilishwa. Kenya inachangia malighafi yake. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu za mafuta, zikiwemo za mbarika, huko Makueni, na mwaka huohuo shehena ya kwanza ikapelekwa Gela, Sicily. Tunakamua sisi, wanasafisha wao, na lori la Bomet linaendelea kuchoma dizeli ya kuagizwa.

Palipo na nafasi kubwa zaidi, naona, ni kwenye stima, na sababu ni ule mzigo wa maji pamoja na milima. Chukua lori la umeme lenye uzito wa tani 8 pamoja na majani, likishuka mita 200 kutoka kituoni hadi kiwanda kilicho bondeni. Nguvu iliyomo katika mteremko huo ni zaidi ya uniti 4 za stima. Lori la dizeli huipoteza nyingi kwenye breki, ikawa joto tu. La umeme hugeuza mota yake kuwa jenereta na kurudisha sehemu nzuri ndani ya betri. Ikirudi asilimia 60, ni uniti mbili na nusu hivi. Kulipandisha tena likiwa tupu, tani 4, huhitaji karibu kiasi hichohicho. Mlima unakuwa umejilipia, ikabaki gharama ya kusukuma magurudumu barabarani. Nchini Uswisi lori la machimbo liitwalo eDumper hufanya hivyo kwa kiwango kikubwa, likishusha mawe ya saruji na kupanda tupu. Kiwanda kilichojengwa juu ya mashamba yake hakina bahati hiyo. Huko lori hupanda na mzigo.

Stima yenyewe ni safi kuliko wengi wanavyodhani. Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hautokani na kuchoma mafuta, na karibu nusu yake ni mvuke wa ardhini, hasa wa Olkaria. Mvuke haulali: usiku watu wakizima taa, visima huendelea kupumua. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini, iliweka bei maalumu ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa uniti na 8 saa ambazo matumizi ni madogo. Malori ya majani yako uwanjani saa hizohizo. Mashamba makubwa ya Kericho pia yamekuwa na mitambo midogo ya umeme wa maji tangu miaka ya 1930.

Shida zipo. Msimu wa mvua majani hufurika, malori hukusanya hadi usiku wa manane, na barabara za ndani hugeuka tope. Eneo hili lina sifa duniani kwa mvua ya mawe na radi, na stima hukatika saa mbaya. Halafu kuna ajira. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho na watu waliohofia kibarua chao. Lori la umeme linamhitaji dereva, ila lina vipuri vichache vya kumpa fundi wa dizeli kazi.

Chai ikishakauka hesabu hubadilika. Kutoka Kericho hadi mnada wa Mombasa ni zaidi ya kilomita 700, na betri yenyewe ni mzigo mzito. Kwa safari hiyo kinachopunguza moshi leo ni kontena kupandishwa kwenye treni Naivasha. Injini yake nayo ni ya dizeli, ila hutumia kidogo kwa kila tani.